Akiba ya Mama na Jina Lake

Katika nyumba nyingi za watu wetu walioko Uingereza, hasa wale waliohama kutoka Mombasa, Lamu au Unguja kabla ya miaka ya 1990, liko buku dogo la benki lililohifadhiwa pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Kurasa zake zimepigwa chapa na mashine ya dirishani, mstari baada ya mstari: tarehe, kilichowekwa, kilichotolewa, kilichobaki. Mwenye buku hana haja ya kumuuliza mtu ana kiasi gani, hulifungua akasoma. Mabuku haya sasa yanaondoka. Matawi ya benki yanafungwa mji baada ya mji, na wateja wanaambiwa wahamie kwenye simu.

Tunaandika kuhusu buku moja, la mama yetu, na kuhusu majuma tuliyoyatumia kukihamisha kilichokuwamo. Sisi ni watoto wake watatu: wawili tunaishi naye Leicester, na mmoja wetu alirudi Mombasa miaka kadhaa iliyopita. Tumekubaliana kusema kwa sauti moja, ijapokuwa msomaji ataona kwamba hatukuanza hivyo. Mama ameturuhusu kuandika kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba kiasi cha fedha kisitajwe. Tumelitii.

Kwanza yafaa tueleze akaunti yenyewe ni kitu gani, kwani ndugu zetu wa pwani wametuuliza mara nyingi. Hapa Kenya, mwenye akiba benki akipata riba hukatwa asilimia 15 ya kodi kabla hajaiona. Uingereza nako mapato ya akiba yana kodi yake, lakini tangu tarehe 6 Aprili 1999 serikali imemruhusu kila mkazi mtu mzima kuwa na akaunti ambayo mapato yake hayaguswi na mtoza kodi. Huiita ISA, kwa maana ya akaunti ya akiba ya mtu mmoja. Mwaka ule wa kwanza mtu aliruhusiwa kutia pauni 7,000, na katika hizo zisizidi 3,000 za fedha taslimu. Tangu mwaka 2017 kiwango ni pauni 20,000 kwa mwaka. Kuanzia Aprili 2027 wasiofika miaka 65 watawekewa mpaka wa pauni 12,000 katika akiba ya fedha, lakini Mama amekwisha kuupita umri huo, alhamdulillahi, na jambo hilo halimhusu.

Neno la kushika hapo ni "mtu mmoja". Akaunti hii haifunguliwi kwa majina mawili. Mume ana yake na mke ana yake, na hakuna njia ya kuziunganisha. Mama hulipenda sana sharti hili, na ana sababu. Alipofika Uingereza mwaka 1987 na kupata kazi katika dobi la hospitali, sheria ya kodi ya nchi ile ilikuwa ingali ikiyahesabu mapato ya mke kuwa ni sehemu ya mapato ya mumewe. Riba ya akiba ya mke iliandikwa katika fomu ya mume. Ni kuanzia Aprili 1990 tu ambapo mke alianza kuhesabiwa peke yake. Mama, aliyelelewa Kibokoni katika nyumba ambayo bibi yake alikuwa na shamba lake, mahari yake na dhahabu yake, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuvihesabu, aliona ajabu kwamba nchi iliyojiita iliyoendelea ilikuwa bado inalifikiria jambo ambalo dini yetu ililikata karne nyingi zilizopita. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akicheka akisema kwamba mtoza kodi alimfanya tajiri kwa karatasi.

Mama alifungua akaunti yake mwaka 2001, katika mojawapo ya yale mashirika ya Kiingereza ya akiba na mikopo ya nyumba yaliyokuwa na tawi katika kila barabara kuu. Nia ilikuwa Hija, na baada ya Hija, paa la nyumba ya Kibokoni. Hija aliikamilisha. Paa nalo liliezekwa. Akiba ikaendelea kwa nia nyingine alizozijua mwenyewe.

Hatuwezi kuipita riba bila kuisema. Akaunti ile ilikuwa ya riba, na Mama alijua. Kila mwaka, mashine ilipopiga ule mstari wa riba, aliunakili kwa kalamu katika daftari dogo, kisha akatoa kiasi hicho hicho kumpa mwenye dhiki, bila kutia nia ya sadaka, kama alivyoelekezwa na masheikh aliowauliza. Hakupata kuchelewa hata mwaka mmoja. Lakini kulipa kila mwaka ili kuusafisha mkono si sawa na kuwa na mkono safi, na hilo pia alilijua. Mwaka 2004 ilifunguliwa Birmingham benki ya kwanza nchini humo ya kuwahudumia watu wa kawaida kwa misingi ya sharia peke yake, Islamic Bank of Britain, ambayo tangu mwaka 2014 inaitwa Al Rayan Bank. Kwetu Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi karibu na mwaka 2008. Njia ilikuwapo. Kilichomzuia Mama kuhama ni mtu mmoja: keshia wa tawi lile, mama wa Kiingereza aliyemjua kwa sura, aliyemuuliza hali ya magoti yake kila alipofika dirishani, na ambaye mwezi wa Ramadhani hakukosa kumwambia, "Nenda nyumbani upumzike, bado saa nne." Sisi tuliozaliwa katika zama za mashine tuliona ni jambo dogo. Kwa mtu aliyeingia katika nchi ngeni akiwa na miaka thelathini na kitu, kutambuliwa kwa sura mahali ambapo fedha zake zimelala si jambo dogo hata kidogo.

Basi ikaja barua. Tawi litafungwa baada ya miezi mitatu. Wateja wataendelea kuhudumiwa katika mji mwingine, safari ya basi mbili, au kwa simu, au mtandaoni. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya buku. Jioni ile alisema, "Maadamu wao wananihamisha, basi nitahama ninakotaka mimi."

Hapo ndipo sauti zetu zilipotofautiana. Kaka yetu, ambaye ni mwepesi wa mambo haya, alitaka kulimaliza usiku ule ule: afungue akaunti katika benki ya Kiislamu inayofanya kazi mtandaoni, aitie katika simu yake, atumie namba yake na barua pepe yake, na Mama awe anauliza tu anapotaka kujua. Alikuwa na nia njema, na nusu ya nyumba tunazozijua zimefanya hivyo hivyo. Dada yetu alikataa. Alisema kwamba akaunti yenye jina la Mama lakini inayofunguka kwa kidole cha mtoto wake ni ya mtoto wake, hata kama hatachukua senti. Yule wa Mombasa, akisikiliza kwa simu, alisema pande zote mbili zina haki, kauli ambayo haikumsaidia mtu.

Aliyekata shauri alikuwa mama yetu mdogo, nduguye Mama wa tumbo moja, aliyekuwa kando ya simu kule Kibokoni. Alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi wa Ulaya mna mambo! Sisi huku tumetia fedha katika simu tangu mwaka 2007, muuza mchicha anatumiwa fedha kwa simu, na mimi sijapata kumpa mtu namba yangu ya siri, hata mume wangu. Dada yangu amesoma kunishinda. Mfundisheni." Kweli hiyo ilituchoma. M-Pesa imewafundisha wanawake wa pwani, wengi wao wasiopata kuingia benki, kwamba namba ya siri ni kama ufunguo wa sanduku: haiachwi mlangoni. Mama yetu, aliyeishi miongo minne katika nchi ya benki, hakuwa amepata somo hilo, kwa sababu alikuwa na keshia.

Tukaanza kutafuta benki. Katika benki za Kiislamu hukuti neno riba. Unakuta kiwango cha faida kinachotarajiwa. Fedha zako zinaingizwa katika biashara, aghalabu ununuzi wa nyumba na bidhaa, nawe unapata sehemu ya faida. Kiwango kinatarajiwa, hakiahidiwi, na benki ikiona hakitafikiwa hukuarifu mapema ili uchague kubaki au kuondoka na mtaji wako. Kwa mtoza kodi wa Uingereza tofauti hii haina uzito: sheria ya fedha ya mwaka 2005 imeiweka faida ya namna hii katika fungu moja na riba, na kwa hiyo ISA ya Kiislamu ina msamaha ule ule wa kodi. Kwa Mama tofauti hiyo ndiyo yote.

Liko jambo jingine ambalo tulilikuta katika kusoma, nalo lilimfurahisha. Nchini Uingereza amana ya benki ina dhamana: benki ikianguka, mwenye amana hulipwa mpaka pauni 120,000, kiwango kilichoanza tarehe 1 Desemba 2025, kabla yake kilikuwa 85,000. (Kwetu Kenya dhamana ya namna hiyo ni shilingi 500,000.) Lakini katika ushirika wa kweli wa biashara, mwenye mtaji hubeba hasara pia. Wakubwa wa sheria na benki ile ya kwanza ya Birmingham walizungumza juu ya mgongano huu, wakafikia hivi: mteja ana haki kamili ya kurudishiwa fedha zake zote, na ana haki vilevile ya kukataa kulipwa ikiwa imani yake inamwambia hivyo. Mama alituomba tumsomee tena. Kisha akasema, "Wamemwachia mtu na Mola wake." Hakusema kama yeye angekataa au angepokea, nasi hatukumuuliza.

Tunapaswa kusema ukweli kuhusu faida ya kodi yenyewe. Tangu Aprili 2016, mwenye kulipa kodi ya kiwango cha chini nchini humo anasamehewa pauni 1,000 za kwanza za mapato ya akiba kila mwaka, awe na ISA au asiwe nayo. Kwa akiba ya kiasi cha wazee wetu wengi, msamaha huo unatosha. Hivyo kuna wenye kusema kwamba ISA kwa mtu kama Mama ni vazi juu ya vazi. Huenda. Lakini vazi hili likivuliwa halivaliki tena kirahisi. Kilichotoka nje hurudi tu kwa kula sehemu ya kiwango cha mwaka, na hakuna ajuaye misamaha mingine itadumu mpaka lini. Alilijenga kidogo kidogo kwa robo karne. Hatukuona sababu ya kulitupa.

Na hapa ndipo penye sharti ambalo watu hulikosa. Mwenye ISA anayehama hatakiwi kuzichukua fedha mkononi na kuzipeleka. Akizitoa, msamaha wa zile fedha umekatika. Anachofanya ni kujaza fomu ya uhamisho katika benki mpya, na benki mpya ndiyo inayoiandikia ya zamani na kuzivuta. Kwa akiba ya fedha taslimu, kazi hiyo haitakiwi kuzidi siku 15 za kazi. Kwa Mama hili lilikuwa gumu kuliko mambo yote ya simu. Amana, kwa alivyofunzwa, huichukui mpaka umeiona na huitoi mpaka umeihesabu. Alitaka kwenda dirishani, apewe, azihesabu, azitie katika mkoba, apande basi, akazikabidhi. Tulipomweleza kwamba fedha zitatoka kwa mmoja na kwenda kwa mwingine bila kupitia mkononi mwake, na kwamba kwa siku kadhaa hazitaonekana kwa huyu wala kwa yule, aliuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake zuri: "Siku hizo zikiwa katikati, nikifa, ziko kwa nani?"

Ni zake. Sheria iko wazi. Lakini tulimwelewa.

Ufunguzi wa akaunti mpya ulichukua nusu saa, na robo tatu ya nusu saa hiyo ilikuwa ni picha. Simu ilitaka pasipoti, kisha ikataka uso. Mama hakupenda kupeleka picha yake mahali asipopajua. Tulimwonyesha kwamba ushungi unabaki kama ulivyo katika pasipoti na kwamba kinachotakiwa ni uso peke yake, uliogeuzwa kulia kisha kushoto. Alifanya hivyo kwa heshima kubwa, kama mtu anayetoa salamu ya Sala. Akaandika namba yake ya bima ya taifa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya akaunti ya zamani. Akachagua neno la siri mwenyewe, akatufukuza chumbani alipokuwa akiliandika.

Baada ya siku sita ombi likarudishwa. Jina halilingani.

Wasomaji wetu watafahamu mara moja kilichotokea, kwani hakuna familia ya Kiswahili yenye karatasi za nchi mbili isiyokumbwa na jambo hili. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana ya Kiingereza. Mtu ana jina lake, la baba yake, la babu yake, na mwanamke akiolewa habadili hata herufi, kwa kuwa nasaba haiolewi. Karani wa hospitali mwaka 1987 hakuyajua hayo. Aliuliza jina la mume, akachukua la mwisho, akamwandikia Mama. Jina la mwisho la Baba lilikuwa la babu yake. Hivyo katika hati za mshahara, na kisha katika buku la akiba lililofunguliwa kwa hati hizo, Mama alibeba kwa miaka yote hii jina la mzee ambaye hakupata kumwona, aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Pasipoti, kwa upande wake, ilikuwa na majina yake matatu sahihi. Dirishani hakuna aliyejali, keshia alimjua. Mashine hujua herufi tu.

Tukapiga simu makao makuu ya benki ya zamani. Sauti ya kwanza ilisema badiliko la jina linahitaji cheti cha ndoa au cha talaka. Tukaeleza kwamba Mama hakubadili jina. Ni wao waliolibadili. Sauti ya pili ilisema vivyo hivyo. Ya tatu ilikubali kwamba cheti cha ndoa kitaonyesha jina la bibi harusi na la bwana harusi pamoja, na hivyo kitaunganisha majina mawili, lakini ikataka cheti cha asili, si nakala, na kipelekwe na mwenyewe katika tawi. Tawi lilikuwa na siku kumi na saba kabla ya kufungwa.

Cheti cha asili kilikuwa Kibokoni, katika kabati la mama mdogo, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na hati za nyumba. Ndoa ilikuwa ya mwaka 1979. Yule wetu aliyeko Mombasa alikwenda siku ile ile, akakikuta, akakipeleka kwa kampuni ya vifurushi, akatupigia na namba ya kufuatilia. Kwa siku nyingi tulikuwa tukikitazama cheti kikisafiri: Mombasa, Nairobi, kisha kimya cha siku tatu, kisha Uingereza. Nyumba nzima ilikuwa imetulia kwa namna isiyopendeza. Mama alisali Sala zake, akapika, hakulitaja jambo hilo. Usiku mmoja tu alisema, akiwa hamwelekei mtu, kwamba angependa afe na jina lake.

Kilifika Jumanne. Tawi lingefungwa Ijumaa. Jumatano asubuhi Mama alivaa buibui lake jipya, akaenda na dada yetu. Keshia alikuwapo, nusu ya ofisi ikiwa tayari katika makasha. Alikitwaa cheti kwa mikono miwili, akasoma majina yote kwa sauti, akiyatamka vibaya lakini bila kuruka hata moja, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikikuita kwa jina lisilo lako." Mama akamjibu kwamba alimwitikia kwa sababu alimwita vizuri. Wakapiga nakala, wakatia sahihi, badiliko likaingizwa katika mashine mbele ya macho yao. Mama aliomba apigiwe chapa mara ya mwisho katika buku. Keshia akapiga. Wakaagana kwa kukumbatiana. Dada anasema alitazama upande mwingine.

Fomu ya uhamisho ilipelekwa upya. Fedha zilifika siku ya kumi na moja ya kazi, zote, pamoja na riba iliyohesabiwa mpaka siku ya kufungwa. Mama akalitafuta daftari lake, akaandika riba ile ya mwisho, akapiga mstari chini yake kwa rula. Ilitoka juma hilo hilo kwenda kwa mwenye dhiki.

Tangu hapo tumefanya mambo mengine ambayo buku lilikuwa likiyafanya bila sisi kutambua. Buku lilikuwa shahidi. Mtu akifariki, warithi hulikuta katika sanduku, wakajua pa kwenda. Akaunti ya mtandaoni haiachi kitu sandukuni. Uingereza akiba isiyoguswa kwa miaka 15 huweza kupelekwa katika mfuko wa mali zilizolala. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, amana za benki zilizokaa kimya miaka mitano hukabidhiwa mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa. Mwenye haki anaweza kuzidai katika nchi zote mbili, lakini hawezi kudai asichokijua. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na sheikh wetu wa Leicester hupenda kusema kwamba urefu wake peke yake ni somo. Mama alituita, akatuamuru tuandike karatasi moja: jina la benki, aina ya akaunti, namba yake, namba ya simu ya benki. Neno la siri halimo, wala hatulijui. Nakala moja iko kwake, nyingine iko Kibokoni katika ile bahasha ya kaki.

Kisha akaandika wasia kwa mwanasheria, kwani Uingereza asiyeacha wasia mali yake hugawanywa kwa kanuni za nchi ile, ambazo si kanuni za mirathi yetu. Akaandika pia hati ya uwakala wa kudumu, itakayomruhusu mmoja wetu kushughulikia mambo yake ikiwa akili itamtoka. Hati hiyo huandikwa mtu angali timamu, na ikichelewa haiandikiki tena. Katika hati hiyo amemteua kaka, yule yule aliyetaka kuitia akaunti katika simu yake. Alisema, "Leo hapana. Siku hiyo, ndiyo." Kaka alinyamaza kwa muda.

Matapeli wamekwisha kumpigia mara mbili. Wa kwanza alijitambulisha kuwa ni wa benki na akataka namba iliyotumwa kwa ujumbe. Mama alimuuliza jina la baba yake na la babu yake, ili amjue vizuri. Akakata simu.

Msimu huu wa baridi Mama yuko Mombasa. Akikaa hapa kabisa na kuacha kuwa mkazi wa Uingereza, akaunti itabaki kuwa yake na msamaha wa kodi wa nchi ile utabaki, ila hataruhusiwa kuongeza kitu, na itambidi aiarifu benki. Bado hajaamua. Laini yake ya Uingereza ameiweka katika simu ndogo ya zamani, kwa kuwa benki hutuma namba za uthibitisho kwa laini hiyo, na simu hiyo huichaji kila Alhamisi. Juzi, baada ya Alasiri, mama mdogo alimwomba amwonyeshe hilo buku jipya asilolishika. Mama akavaa miwani, akafungua, akaficha kiasi kwa kidole gumba, akamsogezea. Mama mdogo akasoma jina lililoandikwa juu. Jina la kwanza ni la Mama. Mawili yanayofuata ni yake pia.